Eda ya Maître Rachida

Mwezi wa pili wa eda ya Maître Rachida, shemeji zake walipanda juu ya nyumba yake wakaanza kung'oa mabati. Ilikuwa saa nne asubuhi. Mtaa mzima uliona, na hakuna aliyefungua mdomo. Nilipofika walikuwa kwenye bati la tisa. Nilimkuta mwalimu wangu chumba cha mbele, amekaa kitini na nguo zake nyeupe za ujane, vitabu vyake vya sheria amevifunika kwa turubai, jua linampiga usoni ndani ya nyumba yake mwenyewe. Alikuwa anasahihisha kazi za wanafunzi.

Nasema mapema ili mtu asinilaumu baadaye: ninaandika nikiwa na hasira. Watu wa Kasongo, ambao kila wakili wanamwita Maître, wameshaniambia, Maître Laura, tulia sasa, mambo yamekwisha. Hayajakwisha. Wanaotaka nitulie ni wale wale waliokuwa wamesimama milangoni siku ile, mikono nyuma, wakihesabu mabati yanavyoshuka.

Aliyeongoza kazi ile hakupanda juu. Alikuwa uani, amekaa kwenye kiti cha plastiki alichokitoa sebuleni kwa marehemu. Huyo ni Mzee Abedi, kaka mkubwa wa Souleymane, mume wa Maître Rachida aliyefariki kwa presha. Nilimwambia kwamba anamvunjia mjane nyumba. Hakuniangalia hata usoni.

"Mjane wa nani?" akasema. "Mutoto wa Lusangi, uliza mwalimu yako akuonyeshe karatasi. Huyu mama haiko muke wa mutu."

Ngoja kwanza niwaambie huyo "haiko muke wa mutu" ni nani.

Rachida Amuri alizaliwa hapa Kasongo, mashariki mwa Kongo, katika familia ya Waislamu ambao mababu zao wako hapa tangu enzi za misafara ya biashara. Baba yake aliuza nguo sokoni. Alimpeleka binti yake shule ya masista, na watu wakasema amepotea. Halafu akampeleka Kisangani kusoma sheria, wakasema amerukwa na akili. Aliporudi, hakuna mwanamke wa mji wetu aliyewahi kusimama mahakamani na joho jeusi la wakili. Siku ya kwanza mlinzi wa mlangoni alimwambia mashahidi wanangojea nje.

"Mimi siko shahidi," akasema.

"Basi uko mushitakiwa?"

Kila mwaka alikuwa anatuhadithia kisa hicho darasani, na yeye mwenyewe akicheka mpaka machozi. Mimi sijawahi kukicheka. Kuna hakimu mmoja wa zamani, alishahamishwa kitambo, aliyemwambia achague: joho au kitambaa cha kichwani. Alikwenda akakaa kwenye benchi la nje siku tatu, amevaa vyote viwili, na kesi yake mkononi, mpaka hakimu akachoka kumpita.

Halafu akaanza kufundisha. Chuo kimoja cha hapa kilimpa somo la sheria ya watu na familia, na wanafunzi wa kiume wakaandika barua ya kulalamika: mwanamke atatufundishaje mambo ya ndoa? Aliisoma barua ile mbele yao, akaisahihisha kwa kalamu nyekundu, akaipa alama nne kwa ishirini, akawarudishia. Baadhi ya hao leo ni mahakimu.

Lakini darasa lake hasa lilikuwa la Alhamisi, nyumbani kwake, chumba hicho hicho cha mbele kilichong'olewa paa. Ubao ulipigiliwa ukutani. Walikuja wauza mihogo, wakulima, wake wa wafanyabiashara, wengine hawajui kusoma hata majina yao. Kila Alhamisi alirudia jambo lile lile mpaka tukalichoka: karatasi ya imamu ni nzuri, itunze, karatasi ya padri ni nzuri, itunze, lakini siku mume akifa, mahakama itakuuliza ile ya etasivili, ile inayoandikwa kwenye kitabu kikubwa cha serikali. Alhamisi hiyo hiyo, darasa likiisha, aliwachukua wanawake wawili watatu pamoja na waume zao akawapeleka ofisini mwenyewe. Alisimama nao kwenye foleni hadi zamu yao ifike.

Alifika mpaka Salamabila kwa pikipiki, njia zile za matope, kwa sababu huko wanawake wanaishi na wachimbaji wa dhahabu miaka na miaka, na shimo likiporomoka wanatokea ndugu wa marehemu kutoka usikokujua, wanachukua kila kitu mpaka sufuria. Mwanaume mmoja huko alimwagia maji ya shimoni kitabu chake cha sheria. Alikianika juu ya bati. Kurasa zake mpaka leo zimekakamaa kama ngozi ya mbuzi, na ndicho anachofundishia.

Mimi nilimjua kwa njia hiyo hiyo. Baba yangu alikufa kijijini kwetu Lusangi nikiwa na miaka kumi na minne. Baba zangu wadogo walichukua shamba la mpunga kabla hata udongo wa kaburi haujakauka. Mama alimfuata Maître Rachida, akapigana naye bega kwa bega, wakashindwa, kwa sababu mama alikuwa na cheti cha padri tu. Siku ile ya kushindwa Maître alimwambia mama: nipe huyu binti asome. Kwa hiyo mkiniona na joho, ni shamba lile la mpunga mnaliona.

Sasa turudi kwa Souleymane. Alikuwa mtu mwema, mpole, mfanyabiashara wa vitenge na chumvi, aliyempenda mke wake bila kuona haya mbele ya watu. Mungu hakuwapa mtoto. Hilo ndilo lililowapa nduguze ujasiri, kwani mtoto angekuwa ukuta mbele yao.

Wiki ile ile ya msiba Abedi alisimama katikati ya uwanja na kutangaza kwamba mjane atakaa eda kamili, miezi minne na siku kumi. Aliwaita wamama wa mtaa wamkalishe. Aliagiza mwenyewe nguo nyeupe. Nilikuwapo.

"Shemeji, eda ni eda," alimwambia. "Haupaswe kutoka. Hakuna mahakama, hakuna chuo. Ile kitambo ya kutembea-tembea imeisha."

Nikataka kujibu. Maître akanishika mkono.

"Acha, Laura," akasema. "Eda hii iko ya Souleymane. Haiko ya Abedi. Nitaikaa."

Nilidhani Abedi ni mtu wa dini. Kumbe alikuwa anamfungia ndani ili apate nafasi. Baada ya arobaini alirudi na karatasi iliyoorodhesha warithi wa marehemu: yeye na wadogo zake watatu, basi. Mke hayumo. Akampa wiki mbili atoke. Wiki mbili zilipopita ndipo wakapanda juu na nyundo.

Siku ile ya mabati, walipoondoka na mzigo wao kwenye mkokoteni, nilipiga magoti mbele ya mwalimu wangu.

"Maman, tutawafundisha adabu," nikamwambia. "Nipe tu cheti yako ya etasivili, kesho asubuhi niko mahakamani."

Alikuwa anaifunga ile kalamu nyekundu, anaifungua, anaifunga.

"Maman, cheti iko wapi?"

"Hakuna, mwanangu."

Mimi ni mtu wa makelele, kila mtu anajua. Siku ile nilipiga makelele kuliko siku zote za maisha yangu. Nilimwambia maneno ambayo mtu hapaswi kumwambia mwalimu wake, tena mjane ndani ya eda. Nilimuuliza kama alikuwa anatucheza. Nilimuuliza mama yangu alilia kwa sababu gani. Ningekuwa na bati mkononi ningelitupa.

Alinisikiliza mpaka nikaishiwa. Kisha akaeleza, bila kujitetea. Walifunga ndoa msikitini mwaka wa tisini na mbili, mali ikatolewa yote, yaani mahari, na orodha yake ikaandikwa. Walikuwa waende etasivili mwezi unaofuata. Kukawa na safari, halafu ugonjwa wa baba yake, halafu vita. Watu walikimbilia porini. Waliporudi, ile orodha ya mali ilikuwa imepotea pamoja na nyumba ya baba yake. Miaka ikapita. Na yeye akawa ndiye yule anayewapeleka wengine.

"Utakwenda namna gani, wakati kila mutu anayekaa kwenye ile meza amepita kwa darasa yangu?" akasema. "Nitamwambia nini? Kila mwaka nilisema, mwaka kesho."

"Maman, ilikuwa kuona haya tu?"

"Ilikuwa haya tu." Akaniangalia. "Na yako wewe?"

Niliinama nikaokota karatasi za wanafunzi zilizoanguka. Nikasema jua limekuwa kali, afadhali nitafute turubai la pili.

Bado kulikuwa na njia moja. Ndoa ya kimila au ya dini ikikosa cheti, mtu anaweza kuomba mahakama itambue kwamba ilikuwapo, na hukumu hiyo ikashika nafasi ya cheti. Lakini mahakama inataka ushahidi. Imamu aliyewaozesha alishakufa. Baba wa Rachida alishakufa. Orodha imepotea. Nilizunguka nyumba kwa nyumba nikitafuta majirani wa kutoa ushahidi. Wote walinikaribisha, wote walinipa maji ya kunywa, wote walisema hayo ni mambo ya familia. Miaka thelathini wamekula pilau ya sikukuu kwa yule mama, leo hawajui kama alikuwa mke! Nilitoka nyumba ya mwisho nikatema mate barabarani, na sioni aibu kusema hivyo.

Abedi akaenda mahakamani kupinga ombi letu. Alisema Rachida alikuwa mgeni wa marehemu. Mgeni!

Zilibaki siku sita kabla ya kesi nilipopeleka chuoni zile kazi alizozisahihisha. Mkurugenzi, Bwana Grégoire, mtu wa taratibu anayetunza hata risiti za chaki, alizipokea akanipa pole.

"Na eda ya Maman itaisha tarehe gani?" akaniuliza. "Kwa sababu mwalimu wa kumushikia nafasi anaanza kuchoka."

"Nani alikuambia mambo ya eda?"

"Mzee Abedi si alituandikia? Wiki ile ile ya kilio."

Akafungua kabati, akatoa faili, akatoa barua. Imeandikwa kwa mkono, kwa Kiswahili, na chini kuna saini na jina kamili. Niliisoma nikiwa nimesimama. Nikakaa, nikaisoma tena. Abedi aliomba chuo kimtafute mwalimu mwingine, "kwa sababu Rachida, muke wa marehemu ndugu yetu Souleymane, anakaa eda ya bwana yake kadiri ya dini, na sisi familia hatukubali atoke." Alikuwa na haraka kubwa ya kumfungia ndani mpaka akasahau kwamba mgeni hakalishwi eda. Nilicheka mle ofisini mpaka Bwana Grégoire akaniletea kikombe cha maji.

Siku ya kesi chumba kilijaa. Abedi alivaa kanzu iliyopigwa pasi vizuri. Maître Rachida aliingia polepole na nguo zake nyeupe, akaenda kukaa benchi la nyuma, pale wanapokaa wajane ambao yeye amewatetea miaka yote. Kumwona pale bila joho kuliniuma kuliko mabati.

Hakimu alimuuliza Abedi mama huyu ni nani kwao.

"Ni rafiki ya ndugu yangu, Mheshimiwa. Mugeni. Ndoa sisi hatuijue."

Nikaomba kumuuliza.

"Mzee, juu ya nini anavaa nyeupe?"

"Ni desturi."

"Desturi ya wageni?"

Watu wakaguna. Abedi akasema wamama wa mtaa ndio waliomvalisha.

"Na nani aliwaita wale wamama?"

"Sijue."

Nikampa barua. Nikamwomba aisome kwa sauti, kwa kuwa ni mwandiko wake. Akasema hana miwani. Hakimu akamwambia miwani iko mfukoni mwake, inaonekana. Akaivaa. Akaanza kwa sauti ya mtu anayesoma hutuba, na alipofika kwenye "muke wa marehemu ndugu yetu" sauti ikaingia tumboni. Hakimu akamwambia arudie, hakusikia. Akarudia.

"Ile ilikuwa ya heshima tu," akasema Abedi. "Ni namna ya kuandika."

Nilimwambia kwamba alimfanya mke ili amfungie ndani, na akamfanya mgeni ili amtoe nje, na kwamba achague moja mbele yetu wote. Hakimu akaniambia nipunguze sauti. Sikupunguza sana.

Kisha hakimu akafanya jambo ambalo sikulitegemea. Alimgeukia Rachida. Alikuwa mmoja wa wale wa alama nne kwa ishirini, nilikuja kujua baadaye.

"Maître," akasema, "nusu ya watu walioko ndani humu wamesoma kwako. Mimi pia. Kwa nini haukuandikisha?"

Nikasimama nipinge swali. Yeye akasimama pia, kule nyuma.

"Wacha, Laura, nitajibu. Mheshimiwa, ni kuona haya. Nilisimamisha watu kwenye ile foleni miaka makumi mawili na nane, na mimi nikaogopa wataniona ndani yake. Nilifikiri heshima yangu itapunguka. Nimekosa. Abedi alipita kwenye ule mulango kwa sababu mimi niliuacha wazi."

Akakaa. Hata Abedi alitazama chini.

Hukumu ilitoka wiki mbili baadaye. Ndoa imetambuliwa tangu siku ile ya msikitini; mjane asibanduliwe nyumbani kwake; mabati yarudishwe. Abedi alirudisha, kwa kuwa askari walimsindikiza, lakini mabati yamejaa matundu ya misumari na mengine yamepinda. Mvua ikinyesha, unasikiliza somo huku umeshika ndoo. Wale majirani walikuja kumpongeza. Mmoja alileta pilau. Maître alipokea. Mimi nilitoka nje.

Alhamisi ya kwanza baada ya eda kuisha, chumba hakikutosha. Walikuja wanawake ambao sijapata kuwaona, kutoka mpaka ng'ambo ya mto, wengine wamekuja kusoma, wengine wamekuja kumtazama tu. Maître alivaa kitenge cha rangi ya machungwa. Mimi nilikaa mezani mbele, pembeni yake, kama kawaida, maana mimi ndiye ninayemsaidia, na ndiye ninayefundisha mwaka wa kwanza kule chuoni.

Hakuandika kitu ubaoni.

"Leo hakuna somo," akasema. "Mwenye hana karatasi ya etasivili, asimame."

Hakuna aliyesimama. Kila mmoja alimtazama mwenzake.

"Nilijua," akasema. "Miaka yote nilikuwa nauliza mulio nayo munyooshe mukono, na mimi nanyoosha wangu pamoja na ninyi. Nilikuwa nadanganya. Mume wangu amekufa bila mimi kusimama. Sasa nasimama hapa mbele yenu. Nani mwingine?"

Mwanamke mmoja nyuma akasimama. Kisha wawili. Kisha kama ishirini, vitambaa vikiteleza, watoto migongoni. Maître hakunitazama. Angenitazama ningemkasirikia, na ingekuwa rahisi. Alitazama ukuta na kungoja. Niliwaza juu ya mama yangu na shamba la mpunga. Niliwaza makelele yote niliyompigia mama huyu chini ya jua. Nilisimama, pale mezani, mbele ya wote.

Maître akageuka.

"Toka," akaniambia, kwa sauti ya chini. "Urudi nayo."

Nilimkuta Blaise, mume wangu, shuleni kwa mapadri anakofundisha, akitoka darasani na vumbi la chaki kwenye nywele. Nikamwambia tunakwenda etasivili.

"Mama Hervé, leo?" akasema. "Si tuko na ya padri? Tumekaa miaka tisa na ile. Kesho pia iko siku."

"Baba Hervé, panda pikipiki."

Akanitazama usoni, akapanda. Njiani tuliwapitia kaka yake na shangazi yangu watufuate wawe mashahidi, na sikuzima hata injini kuwaeleza.

Ofisini kulikuwa na foleni mpaka nje. Nilisimama mwisho wake. Watu walinipisha, pita, Maître, pita mbele, na mimi nikakataa, na kila aliyeingia aliniona, na kila aliyetoka aliniona, na uso uliniwaka moto saa nzima na nusu. Mezani alikuwa Plamedi. Nilimfundisha mwaka juzi. Somo lake la kwanza la ndoa alilipata kwangu. Aliinua kichwa akafurahi sana kuniona, akafungua kile kitabu kikubwa kwenye ukurasa mpya, akamwangalia Blaise, akawaangalia mashahidi, akatafuta nyuma yangu.

"Maître Laura! Mumeleta mteja? Iko wapi?"

"Hakuna mteja, Plamedi," nikasema. "Andika jina langu."